Kisu cha bei nafuu: yanayosemwa dukani na ukweli wa makali

Kazi za kisu cha kila siku zinajulikana: kukata kamba, kufungua gunia, kumenya chungwa, kupaa samaki, kuchonga vigingi vya hema. Hakuna hata moja inayodai kisu cha bei kubwa. Kinachotakiwa ni bapa jembamba lililotiwa ugumu sawasawa na mwenye kisu anayejua kunoa. Tatizo ni kwamba ugumu hauonekani kwa macho, na wembamba haumvutii mnunuzi. Kwa hiyo watu huchagua kwa unene, mng'aro na maneno yaliyochapwa ubavuni, na hapo ndipo pesa inapopotea.

"Kisu kinene ndicho imara, kwa hiyo ndicho bora"

Kata karoti kwa kisu chenye mgongo wa milimita 5. Haikatiki, inapasuka. Makali huingia kidogo, kisha unene wa bapa unaitanua karoti kama kabari. Ndivyo kitakavyofanya kwenye ngozi, kwenye kamba nene na kwenye mti unaochongwa.

Mora Companion, kisu cha ala kinachotengenezwa Mora nchini Uswidi, kina bapa la sentimita 10 hivi na unene wa milimita 2.5 tu. Huuzwa Ulaya na Marekani kwa kati ya dola 15 na 25, na ni vigumu kupata kisu cha kambini kinachokishinda kwa bei hiyo. Opinel Namba 8 ya Ufaransa, ya kukunja, ina bapa la sentimita 8.5 lililo jembamba zaidi, na kwenye nyanya au mkate inapita kama wembe.

Usitazame mgongo peke yake. Shika kisu ncha ikuelekee, utazame jinsi bapa linavyopungua kutoka mgongoni kwenda kwenye makali. Kwenye kisu cha kawaida, unene wa pale juu tu ya makali ukiwa nusu milimita au pungufu, kitakata vizuri. Ukikaribia milimita 1, utakuwa unasukuma badala ya kukata, hata ukinoa vipi.

Anayetaka kupasua kuni anunue panga. Katika nyumba nyingi za kwetu lipo tayari, na kazi hiyo ni yake. Kisu kidogo kilichonenepeshwa ili kiigize panga hushindwa pande zote mbili.

Visu vinavyouzwa kwa jina la "komando" vina kasoro zaidi. Msumeno wa mgongoni una meno mafupi, mara nyingi yasiyopanuliwa kushoto na kulia, kwa hiyo hukwama ndani ya mti baada ya milimita chache. Tena unakunyima nafasi ya kuweka dole gumba mgongoni unapochonga. Mpini wenye uwazi wa kuwekea ndoano na kiberiti ni mbaya kuliko msumeno: bapa limefungwa kwa skrubu au kwa msuka (ulimi wa bapa unaoingia ndani ya mpini) mfupi sana, na hapo ndipo panapovunjika. Dira iliyo kwenye kifuniko, ikiwa karibu na chuma chote hicho, haiaminiki.

"Sumaku ikinasa, si chuma kisichoshika kutu"

Jaribio hili hufanywa sana sokoni na linampa mnunuzi jibu la kinyume. Sumaku hainasi vizuri kwenye vijiko na masufuria yenye nikeli nyingi, yale yaliyoandikwa 18/8 au 18/10. Chuma hicho hakiwezi kutiwa ugumu kwa moto na maji, ndiyo maana hakifai kwa makali. Chuma cha visu kisichoshika kutu ni cha aina nyingine, na sumaku hukinasa sawasawa. Kisu cha chuma ambacho sumaku hainasi kabisa ndicho cha kutilia shaka.

"Kimeandikwa chuma cha upasuaji, au 440, basi ni kizuri"

"Chuma cha upasuaji" si jina la aina yoyote maalumu ya chuma. Ni maneno ya biashara.

Namba ya chuma 440 bila herufi nayo haitoshi. 440A ina kaboni kati ya asilimia 0.60 na 0.75, 440C ina kati ya 0.95 na 1.20. Kaboni ndiyo inayokipa chuma uwezo wa kushika ugumu, kwa hiyo tofauti ya herufi moja ni kubwa. Mwenye kuuza 440C huandika hiyo C. Anayeiacha huwa na sababu. Majina mengine utakayokutana nayo kwenye visu vya bei ya chini: 420J2, yenye kaboni asilimia 0.3 hivi, haishiki kutu kirahisi lakini hupoteza makali upesi. 8Cr13MoV ya China, yenye kaboni karibu asilimia 0.8, hunoleka kwa urahisi na inatosha kabisa kwa kisu cha mfukoni.

Namba za ugumu pia zinapotosha. Kipimo cha Rockwell C kikisema 62, haimaanishi kisu ni bora kuliko cha 56. Chuma kigumu zaidi hushika makali muda mrefu, ila humeguka kirahisi kikigonga mfupa, na kukinoa kwa kinoo cha kawaida ni kazi ya jioni nzima. Victorinox ya Uswisi hutengeneza visu vyake vya mfukoni kwa ugumu wa 55 au 56 kwa makusudi: vinanoleka popote kwa dakika chache. Kwa kisu cha bei nafuu, 55 hadi 58 ndiyo sehemu ya kutafuta.

"Springi ya lori ni chuma bora, basi kisu chake ni bora"

Hapa dhana ina nusu ya ukweli. Bamba la springi lina kaboni ya kutosha kutoa kisu kizuri sana, na mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na wengine wengi wa mitaani hulitumia. Lakini springi kiwandani hulegezwa makusudi, mpaka ugumu wa 45 hivi, ili ipinde na kurudi bila kuvunjika. Fundi akiikata kwa grainda na kuichonga hivyo hivyo, umepata panga dogo, na makali yatajikunja kwenye mti mkavu. Ili iwe kisu, lazima bapa lipashwe moto mpaka sumaku isinase tena na kidogo zaidi, lizamishwe kwenye mafuta, kisha lipashwe tena kwa joto la digrii 200 hivi kwa saa moja au mbili ili lisibaki tete kama kioo.

Muulize fundi maswali mawili: umekitia kwenye mafuta? Ulikirudisha motoni baadaye? Kisha jaribu. Laza makali, kwa pembe ndogo, juu ya shina la bisibisi na ukandamize taratibu huku ukitazama dhidi ya mwanga. Makali mazuri hupinda kidogo na kurudi. Yakibaki yamepinda, chuma ni laini. Yakimeguka, hakikurudishwa motoni. Fundi anayejiamini hatakuzuia.

"Chuma cha kaboni kinaoza, nunua kisichoshika kutu uache kuwaza"

Jina "kisichoshika kutu" linaahidi kupita kiasi. Chumvi inakishinda. Kisu chochote kilichoachwa na maji ya samaki ndani ya ala ya ngozi, Zanzibar au Mombasa, kitapata vidoa. Ngozi hunywa unyevu na kuushikilia. Kisu kihifadhiwe nje ya ala, na ala ya plastiki yenye tundu la kutoa maji ni bora zaidi pwani.

Chuma cha kaboni kikikata embe au limau hugeuka kijivu na buluu. Hiyo si kutu, na inapunguza kasi ya kutu nyekundu. Usiisugue. Kifute kikauke kila baada ya kazi, upake tone moja la mafuta ya cherehani kama kitakaa bila kutumika, na uyafute kabla ya kukata chakula. Kwa mvuvi, hata hivyo, ushauri wetu ni chuma kisichoshika kutu. Kwa anayekaa bara pakavu, cha kaboni kinampa makali mazuri kwa bei ndogo.

"Msuka usipofika mwisho wa mpini, kisu kitavunjika"

Msuka wa Companion huishia ndani ya mpini, na kisu hicho huchonga mti miaka kwa miaka. Kinachovunja misuka ni kukigonga kisu kwa gogo ili kipasue kuni zenye mafundo, au kukitumia kama mtaimbo. Msuka mzima, unaofika mwisho wa mpini, nao unaweza kuwa umetobolewa matundu makubwa chini ya mbao za mpini ili kupunguza uzito, na wewe huyaoni.

"Kikiwa butu, mpelekee mwenye grainda"

Hili ndilo linaloua visu vingi vizuri. Jiwe kavu la umeme likigusa makali kwa sekunde chache, ukingo ule mwembamba hupata moto kuliko bapa zima. Ukiona rangi ya buluu, joto limefika karibu digrii 300, na ugumu wa pale umeondoka. Kisu kitakata siku hiyo, kesho kimelala.

Noa kwa mkono. Kinoo cha pande mbili kinatosha, upande mmoja wa namba 400 na mwingine 1000. Kama hakuna, gundisha msasa wa maji wa namba hizo juu ya kipande cha kioo. Pembe ya digrii 15 hadi 20 kila upande inafaa. Kwa bapa lenye upana wa sentimita 2.5, hiyo ni kuinua mgongo milimita 6 hadi 9 kutoka kwenye jiwe. Paka makali wino wa kalamu nene kabla ya kuanza: wino ukifutika juu tu, upande wa mgongo, umelaza mno, ukifutika kwenye ncha ya makali peke yake, umeinua mno.

Noa upande mmoja mpaka uhisi, kwa kidole kinachotoka mgongoni kwenda nje, uzi mwembamba wa chuma ukikwaruza upande wa pili kwa urefu wote. Wengi huacha kabla ya hapo, ndiyo maana visu vyao havinoleki. Geuza, fanya vivyo hivyo, hamia jiwe laini, kisha punguza nguvu na ubadilishe upande kila mpapaso. Malizia kwa kuvuta bapa kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi, mara 20 hivi. Visu vya Mora vina mteremko mmoja mpana tu. Huo ulazwe wote juu ya jiwe, usitafute pembe nyingine.

"Cha kukunja lazima kiwe na kufuli"

Kufuli linasaidia unapotoboa au kukata kwa nguvu. Kwa kukata tu, springi imara inayoshikilia bapa inatosha. Kabla ya kununua, fungua bapa ulitikise kushoto na kulia: lisicheze. Likifungwa, likae katikati bila kugusa kuta za mpini. Pete ya Opinel, ambayo ndiyo kufuli lake, izungushwe mpaka ikaze, na mpini wake wa mbao ukilowa huvimba na bapa kuwa gumu kufunguka. Uache ukauke kivulini.

Kwa walioko Uingereza, kufuli hilo hilo linabadilisha sheria. Kisu cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, kinaruhusiwa kubebwa hadharani bila kueleza sababu. Kikiwa na kufuli, huhesabiwa sawa na kisu cha ala, na unapaswa kuwa na sababu ya msingi ya kuwa nacho. Na popote unaposafiri kwa ndege, kisu kiingie kwenye begi linalokabidhiwa, makali yakiwa yamefunikwa.