Kichocho cha Tumbo: Si Minyoo Wanaotia Ini Kovu

Katika vijiji vya wavuvi kando ya Ziwa Viktoria, kuanzia visiwa vya Ukerewe hadi upande wa Uganda, mtu mwenye tumbo lililojaa maji na mikono iliyokonda husemwa kwa namna mbili: ama alikunywa pombe kupita kiasi, ama amerogwa. Kauli zote mbili humwongezea mgonjwa uchungu asiostahili. Ni kweli kwamba pombe huharibu ini, na homa ya ini vilevile. Lakini katika ukanda huu wapo wengi ambao hawajawahi kuonja pombe, na ini lao limejaa makovu kwa sababu ya kichocho cha tumbo, kinacholetwa na mnyoo aitwaye Schistosoma mansoni.

Hata wanaokubali kwamba chanzo ni kichocho hudhani kuwa minyoo hula ini. Sivyo. Minyoo wazima huishi wawili wawili, dume na jike, ndani ya mishipa ya damu ya utumbo, na wanaweza kukaa humo kwa miaka. Jike hutaga mayai yapatayo 300 kwa siku. Takriban nusu hutoka na haja kubwa. Mengi ya yanayobaki husombwa na damu hadi kwenye ini na kukwama katika vijishipa vyembamba. Ukilitazama yai hilo kwa hadubini, utaona umbo la mviringo mrefu, lenye urefu wa kama milimita 0.15, na mwiba mmoja uliochomoza ubavuni. Ndani yake mna kiluwiluwi hai, na protini zake hupenya kwenye vitundu vidogo mno vya ganda. Protini hizo ndizo zinazoamsha kinga ya mwili.

Hapo seli huanza kupelekeana ujumbe kwa kemikali ziitwazo saitokini. Mayai yakishaanza kutagwa, seli T saidizi za aina ya pili, kundi la seli nyeupe za kinga, hushika hatamu na kumwaga saitokini ziitwazo intalukini-4, 5 na 13. Intalukini-5 huita eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu, ya 4 hubadili tabia ya makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu na uchafu, na ya 13 huziamuru seli za nyota za ini, ambazo kazi yake ya kawaida ni kuhifadhi vitamini A, zianze kufuma kolajeni, protini ya nyuzi inayojenga kovu. Yai huzungukwa na rundo la seli, yaani granuloma, na baada ya miaka kovu hutanda kuzunguka matawi ya mshipa unaoleta damu kutoka utumboni. Mwaka 1904, mtaalamu wa patholojia William Symmers, aliyekuwa akifanya kazi Misri, alifananisha makovu hayo na mirija ya viko vya udongo. Damu ikikosa njia hurudi nyuma, bandama huvimba, na mishipa ya umio hutanuka hadi inaweza kupasuka. Ndipo mgonjwa hutapika damu.

Kutokana na maelezo hayo, wengi huona kwamba dawa ni kuuzima mchochota wote, yaani mwitikio huo mzima wa kinga. Hii ndiyo dhana ninayoihofia zaidi, kwa kuwa inaonekana ya busara. Panya wa maabara walioondolewa uwezo wa kutengeneza intalukini-4, kisha wakaambukizwa kichocho, hawakupata nafuu: walidhoofika vibaya na wengi wakafa. Granuloma ni ukuta pia, kwani huzuia sumu za yai zisizifikie seli za ini. Intalukini-13 ilipozuiwa peke yake, granuloma ziliendelea kujengwa ilhali kovu lilipungua sana. Mwili wenyewe una breki zake: intalukini-10 hutuliza mwitikio, na kuna kipokezi kimoja kinachoinasa intalukini-13 bila kuupitisha ujumbe wake. Kwa hiyo watafiti hutafuta ujumbe upi upunguzwe, na kwa kiasi gani, huku ukuta ule ukiachwa usimame.

Wako pia wanaorudi nyumbani wakiwa na amani kwa sababu vimeng'enya vya ini kwenye kipimo cha damu ni vya kawaida. Katika ugonjwa huu seli za ini huendelea kufanya kazi kwa muda mrefu, hivyo majibu mazuri hayaondoi uwezekano wa kovu. Altrasaundi ndiyo huonyesha michirizi myeupe kandokando ya mishipa.

Mwisho ni vidonge. Prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo wazima, na mayai mapya yakikoma kuja, kovu linaweza kusinyaa taratibu, hasa kwa vijana. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa hii hata kwa watoto kuanzia miaka 2. Lakini kumeza mara moja si kinga. Mnyoo mchanga aliyeingia mwilini wiki mbili kabla ya dozi huponyoka, hukomaa, na kuanza kutaga. Na mvuvi anayesimama majini kila alfajiri akikokota nyavu huambukizwa upya, ndiyo maana katika vijiji hivi dozi hurudiwa kila mwaka.