Muda Uliojificha Kati ya Matabaka ya Mawe ya Chokaa

Mtu anayeanza kuchunguza genge refu la mawe ya chokaa huwa na dhana moja isiyomtoka kwa urahisi: kwamba tabaka nene lilichukua muda mrefu kujengeka na jembamba muda mfupi, na kwamba ukipanda kutoka chini ya genge hadi juu unapitia historia isiyokatika. Kazi yangu ni kuchunguza na kuchora miamba ya namna hii, na imenifikisha karibu na kinyume cha dhana hiyo. Sehemu kubwa ya muda haimo ndani ya matabaka. Imo katika mistari inayoyatenganisha, ile ambayo jicho huiruka. Hapa nitaeleza sababu ya hali hiyo, pamoja na namna ya kutambua mazingira ambamo tabaka lilituama na kilichofuata baada ya utuamaji kusimama.

Mashapo ya kaboneti, yaani yale yanayogeuka kuwa mawe ya chokaa, hayafanani na mchanga wa kawaida katika jambo moja la msingi. Mchanga wa kwatzi huzaliwa milimani, husombwa na mito, kisha hutuama mahali ambapo maji yameishiwa nguvu. Kaboneti hutengenezwa papo hapo baharini, ama na viumbe wanaojenga makombe na mifupa yao kwa kalsiamu kaboneti, ama na maji yenyewe yakisaidiwa na vijidudu. Kwa kuwa wengi wa viumbe hao hutegemea usanisinuru, wenyewe au kupitia mwani wadogo wanaoishi ndani ya miili yao kama ilivyo kwa matumbawe, uzalishaji huwa mkubwa katika mita chache za juu na hupungua kwa kasi kadiri mwanga unavyofifia. Kwenye Great Bahama Bank, jukwaa (uwanda mpana wa kaboneti wenye maji ya kina kifupi) lililo katika visiwa vya Bahamas, kwa mfano, sehemu kubwa ya maji haifikii kina cha mita 10, ilhali kingo zake huporomoka ghafla hadi kwenye vilindi vya bahari. Chini ya jukwaa hilo kuna kilomita kadhaa za kaboneti ambayo nayo ilituama katika kina kifupi, kwa sababu sakafu ya bahari ilikuwa ikididimia polepole na viumbe walikuwa wakiijaza nafasi iliyofunguka.

Mwaka 1962 mwanajiolojia Robert Dunham alipendekeza uainishaji wa mawe ya chokaa ambao hadi leo ndio ninaoanza nao, kwani unauliza swali lenye maana kuliko yote: je, chembe zimeshikamana na kubebana zenyewe, au zinaelea ndani ya tope? Chembe zinazobebana bila tope katikati yake zinaeleza maji yaliyokuwa na mwendo wa kutosha kuliondoa tope lote, na chembe zinazoelea zinaeleza utulivu. Ooidi, yaani vijiduara visivyozidi milimita 2 vilivyojengwa kwa utando juu ya utando kuzunguka kiini kidogo, huonyesha mahali ambapo mikondo ya kupwa na kujaa ilivibingirisha mara kwa mara, hasa kwenye kingo za majukwaa.

Lakini uainishaji huo unapima nguvu ya maji, haupimi kina, na hapa ndipo makosa mengi huanzia. Nimesoma ripoti nyingi ambazo mwandishi amekutana na tope akaandika papo hapo kwamba bahari ilikuwa na kina kirefu. Magharibi ya kisiwa cha Andros, huko huko Bahamas, tope la kaboneti limetanda katika maji ya mita chache tu, kwa sababu kisiwa na upana wa jukwaa vimeyakinga na mawimbi. Ili kutofautisha tope la wangwa na tope la vilindini, ni lazima kuangalia walioishi ndani yake. Mwani wa kijani wenye chokaa, konokono wengi wa aina chache na foraminifera (viumbe wadogo wa seli moja) wa sakafuni wenye kombe kama kauri huashiria kina kifupi na maji yaliyojitenga na bahari kuu, ilhali foraminifera waeleaji huashiria bahari iliyo wazi. Kipimo hiki cha mwisho kina mipaka yake: katika miamba iliyotangulia kipindi cha Jurasiki, kukosekana kwa foraminifera waeleaji hakuthibitishi chochote, kwa kuwa kundi hilo lilikuwa bado halijaenea baharini.

Sasa tulitazame tabaka moja kwa karibu, la aina inayorudiwa mamia ya mara katika majukwaa ya kale. Chini kabisa kuna sentimita kadhaa za vipande vya makombe vilivyovunjikavunjika, vikiwa vimechanganyika na kokoto zilizong'olewa katika tabaka la chini yake. Hayo ni mabaki ya bahari iliyorejea juu ya nchi kavu. Juu yake huja tope lenye mashimo ya minyoo na makombe ya viumbe walioishi katika chumvi ya kawaida. Ukipanda zaidi, aina za visukuku hupungua, mashimo ya minyoo hukoma, na mwamba huanza kuonyesha tando nyembamba zilizokunjamana, ambazo ni alama ya mikeka ya vijidudu. Kati ya tando hizo huonekana matundu madogo bapa yaliyojazwa fuwele nyeupe. Yaliachwa na gesi na hewa wakati tope lilipokuwa likilowa na kukauka. Mwisho kabisa kuna nyufa za ukaukaji, na pengine vinundu vya jasi au anhidraiti, madini yanayobaki maji ya chumvi yakikauka, kama vile vinavyokua leo ndani ya mashapo ya sabkha, yaani uwanda wa chumvi wa pwani, ya Abu Dhabi, ambako uvukizi mkali huacha maji ya ardhini yakiwa na chumvi nyingi. Bahari haikuhitaji kushuka ili mfuatano huo utokee; ilitosha mashapo yajae mpaka yakafika usawa wa maji.

Mfuatano huo pia hueleza mpangilio wa mazingira kwa upana wake. Mwanajiolojia Johannes Walther alionyesha mwaka 1894 kwamba aina za mashapo zinazofuatana kwenda juu bila kukatika ni zile zile zilizokuwa zikipakana ubavu kwa ubavu. Maneno "bila kukatika" ndiyo yanayobeba kanuni yote. Ndani ya tabaka moja naitumia kanuni hiyo kwa amani. Nikishavuka mstari wa juu wa tabaka naiweka kando, maana wangwa uliokauka na bahari iliyo juu yake katika genge hazikuwa majirani kamwe.

Mistari hiyo ina uzito gani? Chukua hesabu rahisi. Jukwaa lenye afya linaweza kujenga takriban mita 1 kwa miaka 1,000, na kwa kasi hiyo unene wa kilomita 1 ungehitaji miaka milioni 1. Hata hivyo, majukwaa mengi ya kale yenye unene huo yalichukua miaka milioni 10 au zaidi. Viumbe hawakuwa wavivu. Jukwaa lilijaa haraka hadi juu, kisha likakaa likisubiri sakafu ididimie au bahari ipande, na muda wote wa kusubiri hakuna kilichoongezeka. Wakati mwingine hata kilichokuwepo kiliyeyushwa na mvua. Mwanajiolojia Peter Sadler alionyesha mwaka 1981, kwa kulinganisha maelfu ya vipimo vya kasi ya utuamaji, kwamba kadiri kipindi kinachopimwa kinavyokuwa kirefu ndivyo kasi inayopatikana inavyokuwa ndogo, kwa sababu kipindi kirefu kinameza mapengo mengi zaidi.

Pengo lenyewe huacha ushahidi, ingawa ni mdogo. Katika kipande cha mwamba kilichosagwa hadi kikawa chembamba cha kupitisha mwanga, chini ya hadubini, natafuta kwanza saruji ya asili iliyokusanyika kwenye sehemu ambazo chembe zinagusana, ikiwa na kingo zilizopinda kama tone lililobanwa, au iliyoning'inia upande wa chini tu wa chembe. Maumbo haya hutokea pale ambapo maji hayajazi matundu yote, yaani juu ya kiwango cha maji ya ardhini. Baada ya hapo natafuta alama za mizizi, maganda ya udongo wenye chokaa na kokoto zilizogeuka nyeusi. Upimaji wa isotopu husaidia pia, kwani chini ya uso uliokuwa nchi kavu kaboneti mara nyingi huwa na upungufu wa kaboni-13, aina nzito ya kaboni, uliosababishwa na gesi ya udongo wenye mimea. Kwa miamba iliyotangulia kuenea kwa mimea ya nchi kavu, kipimo hicho hupoteza nguvu nyingi, na nashangaa ni mara ngapi kinatumiwa huko bila tahadhari.

Mfano unaoonyesha gharama ya kupuuza mapengo ni jukwaa la Latemar, katika milima ya Dolomites kaskazini mwa Italia, lililojengeka katika sehemu ya kati ya kipindi cha Triasiki. Ndani ya wangwa wake wa kale kuna mizunguko, yaani matabaka yanayorudiwa ya aina niliyoieleza, zaidi ya 500, mingi isiyofikia unene wa mita 1, kila mmoja ukiishia na utando mwembamba wa dolomiti, kaboneti yenye magnesi, uliotokana na kukaa nje ya maji. Katika miaka ya 1980 mizunguko hiyo ilitafsiriwa kuwa kumbukumbu ya mabadiliko ya mhimili wa dunia, kila mmoja ukiwakilisha takriban miaka 20,000, na jumla ikakaribia miaka milioni 10. Katika miaka ya 1990 fuwele za zirkoni kutoka tabaka za majivu ya volkano zilipimwa umri kwa mbinu ya urani kugeuka kuwa risasi, zikaruhusu kipindi kisichofika hata nusu ya hicho. Mabishano yaliyofuata yalikuwa marefu. Kwa maoni yangu somo lake haliko katika nani alishinda. Mpangilio wa kupendeza wa mizunguko ulitumika kama saa kabla ya yeyote kuwa na saa nyingine ya kuilinganisha nayo.

Tahadhari ya namna hiyo inahitajika pia tunapotumia bahari za leo kufasiri za zamani. Stromatoliti, yaani mawe ya tando yaliyojengwa na mikeka ya vijidudu, za Hamelin Pool, katika Shark Bay huko Australia Magharibi, hukua kwenye ukingo wa maji yenye chumvi maradufu ya kawaida, ambako wanyama wengi wa kuzila au kuzitoboa hawastahimili. Kabla ya wanyama kutokea hazikuwa na sababu ya kujificha huko, na zilikua pia katika bahari wazi, chini ya kiwango cha kupwa. Stromatoliti ya umri wa miaka bilioni 2 haithibitishi wangwa wenye chumvi. Vivyo hivyo, rudisti wa kipindi cha Kretasia, ambao walikuwa kome waliochukua umbo la pembe, walifunika majukwaa makubwa bila kujenga mara zote ukuta mgumu wa kuzuia mawimbi kama ufanyavyo mwamba wa matumbawe.

Kuhusu dolomiti nitasema machache tu. Sehemu kubwa ya dolomiti ya kale ilichukua nafasi ya chokaa baada ya utuamaji, na fuwele zake hufuta maumbo ya chembe. Rangi ya alizarini nyekundu husaidia kuitenga, kwani kalisaiti, madini makuu ya chokaa, hushika rangi hiyo na dolomiti haishiki, lakini mahali ambapo maumbo yamefutika kabisa ni heri kuandika kwamba mazingira hayasomeki kuliko kuyabuni.

Pengo lisilosomeka juu ya jukwaa linaweza kusomeka pembeni yake. Majukwaa ya kaboneti hutupa mashapo mengi kwenye vilindi wakati bahari iko juu, kwa kuwa hapo ndipo eneo lote la uzalishaji huwa chini ya maji. Bahari ikishuka, uzalishaji hubaki kwenye ukanda mwembamba wa mteremko. Mahali pazuri pa kuona matokeo yake ni milima ya Guadalupe, kwenye mpaka wa Texas na New Mexico, ambako mwamba wa Capitan wa kipindi cha Permi, uliojengwa na sponji, mwani na saruji nyingi ya baharini, ulizunguka bonde la bahari liitwalo Delaware, lililokuwa na kina cha mamia ya mita. Bahari ilipokuwa juu, ndimi za chokaa zilishuka kutoka kwenye mwamba na kukonda kuelekea katikati ya bonde. Iliposhuka, mchanga laini ulivuka jukwaa lililokauka na kujaa chini, ukaacha juu ya jukwaa tabaka jembamba au mstari mtupu. Ukifuata mstari kama huo kushuka mteremko, unaweza kukuta bondeni makumi ya mita za mchanga zikiwa zimewekwa katika muda ule ule ambao jukwaani haukuacha hata sentimita moja.