"Anadaiwa" si sawa na "alifanya"

Baadhi ya wasomaji wa habari huamini kwamba "anadaiwa", "inasemekana" na "kwa mujibu wa" ni maneno ya kubadilishana tu. Yanakaribiana, lakini hayana uzito mmoja. "Kwa mujibu wa karani wa ghala" humtaja msemaji, "inasemekana" humficha. Linalohitaji uangalifu zaidi ni "anadaiwa". "Anadaiwa magunia matano ya korosho" ni deni; "anadaiwa kuchanganya korosho na mchanga" ni tuhuma ambayo bado haijathibitishwa. Tazama neno linalofuata: nomino huleta deni, kitenzi chenye ku- huleta tuhuma. Kisha uliza: nani anadai? Asipotajwa popote katika habari, usiisambaze kama jambo lililotokea. Kwa tendo jema, neno "anadaiwa" halifai kabisa: "anadaiwa kusaidia yatima" humtia mtu doa bure, heri "anasifika kwa kusaidia yatima".