Vivuli Vinavyoelea Machoni: Vipi vya Kuzoea na Vipi vya Kuwahi Hospitali Siku Hiyo Hiyo

Siku ya Kuona Duniani huadhimishwa kila Alhamisi ya pili ya Oktoba, na kwa kawaida baada ya kampeni hiyo idara za macho katika hospitali zetu za umma hapa Tanzania hupokea wananchi wengi wenye lalamiko la namna moja: wanaona vitu vinavyoelea mbele ya macho. Mmoja husema ni nzi, mwingine husema ni nywele, mwingine utando wa buibui, na wapo wanaokuja wakiwa tayari wamesafisha miwani yao mara nyingi wakidhani ni vumbi. Tumeona ni wajibu kulieleza jambo hili kwa umma kwa sababu watu wengi wanalishughulikia kinyume. Mtu ambaye vivuli vyake vina miaka mitano na havijabadilika anazunguka hospitali hadi hospitali na duka hadi duka akitafuta dawa asiyoihitaji, huku yule ambaye vivuli vyake vimeanza juzi, kwa ghafla na kwa wingi, amekaa nyumbani akisubiri viishe vyenyewe. Huyo wa pili ndiye tunayemtaka, naye ndiye anayefika amechelewa.

Sehemu kubwa ya ndani ya jicho, nyuma ya lenzi, imejaa ute mzito na angavu usiozidi sana mililita 4. Zaidi ya asilimia 98 ya ute huo ni maji, na kiasi kidogo kilichobaki ni nyuzi laini sana za kolajeni pamoja na asidi ya hialuroni inayoyashika maji hayo. Katika ujana ute huu umeshikamana vizuri kama ute wa yai bichi, lakini kadiri miaka inavyosonga hulegea, sehemu yake hugeuka kuwa majimaji, na nyuzi zake hujikusanya katika vifundo vidogo. Mwanga unapopita kwenye vifundo hivyo hutupa kivuli juu ya retina, yaani pazia la neva lililotandazwa kwenye ukuta wa nyuma wa jicho, na kivuli hicho ndicho unachokiona. Ndiyo maana vivuli huonekana zaidi unapotazama anga, ukuta uliopakwa chokaa au karatasi nyeupe, na hupotea ukiwa ndani ya chumba chenye mwanga hafifu. Ndiyo maana pia ukijaribu kukitazama kimoja moja kwa moja kinakimbia: kimo ndani ya jicho lenyewe, jicho likigeuka nacho kinavutwa, na jicho likitulia chenyewe kinaendelea kuogelea kidogo kabla ya kusimama.

Kwa maelezo hayo ieleweke kwamba hakuna mdudu. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu bado tunapokea watu waliokunywa dawa za minyoo mara kadhaa kwa ajili ya vivuli, na wengine waliotoka maeneo yenye historia ya usubi (ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo weusi wa mtoni), kama Mahenge mkoani Morogoro, wakiamini kwamba wanawaona vijidudu wa ugonjwa huo wakitembea machoni. Usubi ni ugonjwa wa kweli na unaweza kupofusha, na dawa za kuukinga zinazogawiwa katika jamii zinapaswa kumezwa zinapokuja, lakini mgonjwa hautambui kwa kuona nyuzi nyeusi zikielea. Vivyo hivyo vivuli si dalili ya kurogwa, wala si mtoto wa jicho anayeanza, wala havisababishwi na kusoma usiku au kutazama simu. Simu ina uso mweupe wenye mwanga mkali, kwa hiyo inakuonyesha vivuli ambavyo tayari unavyo.

Wanaovipata mapema zaidi ni wale wasioona mbali, hasa wenye miwani ya namba kubwa za hasi, kwa kuwa macho yao ni marefu kuliko kawaida na ute wao hulegea mapema. Wengine ni waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na waliowahi kupigwa jichoni kwa ngumi, fimbo, mpira au katika ajali ya bodaboda. Kwa watu wengine wote, hatua kubwa huja kati ya miaka 50 na 70, pale ute uliolegea unapojibandua kutoka kwenye retina. Kujibandua huku ni sehemu ya kuzeeka na wengi hupita salama, wakibaki na kivuli kimoja kikubwa, mara nyingi chenye umbo la pete, ambacho hufifia taratibu kwa miezi.

Hatari iko katika namna ute unavyojibandua. Mahali ambapo umeshikamana sana na retina, unapovutwa huivuta retina pamoja nao, na retina inapovutwa haitoi maumivu kwa sababu haina neva za maumivu; inachoweza kutoa ni mwanga. Mgonjwa huona mimweko kama radi pembeni mwa jicho, hasa gizani na anapogeuza macho. Mvuto ukizidi, retina huchanika. Mshipa mdogo wa damu ukikatika hapo, mgonjwa huona ghafla vitone vingi vyeusi, na wengi husema ni kama masizi yamemwagika. Kati ya watu wanaokuja na dalili hizi za ghafla, takribani mmoja kati ya kila wanane hukutwa na mchaniko. Majimaji yakipenya kwenye tundu hilo, retina hubanduka ukutani, na mgonjwa huanza kuona kivuli kizito kikiingia kutoka upande mmoja na hakiondoki. Jicho halijawa jekundu, haliumi wala halitoi tongotongo, na kwa sababu hiyo watu wazima wenye akili timamu huliacha kwa wiki mbili. Tunawasihi waiache fikra hiyo kwamba jicho lisilouma haliumwi.

Kwa hiyo dalili za kuja hospitali siku hiyo hiyo ni hizi: vivuli vipya vilivyoanza kwa ghafla au vya zamani vilivyoongezeka ghafla, mimweko ya mwanga, kivuli kama pazia upande wowote, au uoni kushuka ghafla. Ni vyema kila mwenye vivuli awe na desturi ya kujipima: simama mbele ya ukuta mweupe, funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, tazama alama moja ukutani, kisha jiulize kama pembe zote za ukuta unaziona, halafu rudia kwa jicho la pili. Macho yote mawili yakiwa wazi, jicho zima hufidia jicho bovu, na mtu anaweza kupoteza nusu ya uoni wa jicho moja asijue.

Mgonjwa mwenye dalili hizo huhesabiwa kuwa wa dharura, na dharura haisubiri barua ya rufaa. Utaratibu wa kawaida wa kuanzia zahanati, kwenda kituo cha afya, hospitali ya wilaya na hatimaye hospitali ya rufaa ya mkoa unabaki pale pale kwa magonjwa mengine, na tunaomba uheshimiwe, lakini usitumike kumchelewesha mtu mwenye mimweko na pazia jichoni. Akifika dirisha la mapokezi aseme wazi kwamba dalili zimeanza ghafla, ataje tarehe, na asiseme tu "macho yananisumbua", kwa sababu kwa maneno hayo atapangwa foleni ya kupima miwani. Aje na kitambulisho, kadi ya bima kama anayo, miwani anayotumia, majina ya dawa anazotumia na kadi yoyote ya kliniki ya kisukari, shinikizo la damu au selimundu. Kadi hizo si mapambo: kisukari na selimundu vinaweza kuvujisha damu ndani ya jicho, na damu hiyo huanza kuonekana kama vivuli vile vile tunavyovizungumzia.

Aje pia na mtu wa kumsindikiza. Retina haiwezi kuchunguzwa vizuri bila kutanua mboni kwa matone, na baada ya matone hayo mwanga huumiza na maandishi ya karibu hayasomeki kwa saa nne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Baada ya mboni kutanuka, daktari huzima taa za chumba, huvaa taa kichwani, hushika lenzi mkononi na kukuagiza utazame juu, chini, kulia, kushoto na katika pembe zote, huku pengine akilibonyeza jicho taratibu kwa kifaa kidogo kupitia kope ili kuuleta mbele ukingo wa retina, kwa maana michaniko mingi hujificha ukingoni. Inakera lakini haidhuru. Iwapo damu au mtoto wa jicho anazuia kuona ndani, hutumika mashine ya utrasaundi. Kipimo cha kusoma herufi ukutani, kile kinachofanywa kwenye kambi za bure, hakiwezi kuona mchaniko, na anayepewa miwani ya kusomea kwa lalamiko la vivuli vya ghafla bado hajapimwa.

Kuhusu kuendesha gari au pikipiki baada ya matone, msimamo wetu ni kwamba hairuhusiwi siku hiyo. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva aendeshe kwa uangalifu na akiwa katika hali ya kukimudu chombo, na anayesababisha ajali kwa kupuuza hilo anakabiliwa na faini, kifungo au kupoteza leseni kulingana na uzito wa kosa. Tumekwisha kuwaeleza haya wagonjwa wengi mlangoni, na bado wapo wanaotoka wakiwa na funguo za bodaboda mkononi.

Mchaniko ukigunduliwa kabla retina haijabanduka, tiba yake ni mionzi ya leza inayochoma kuuzunguka mchaniko ili kuushikiza, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo. Retina ikishabanduka, inahitajika operesheni ambayo hufanyika katika hospitali chache nchini, zikiwemo Muhimbili na KCMC Moshi, na hapo suala huwa muda. Kama sehemu ya katikati ya retina, ile ya kusomea na kutambua sura, haijabanduka, uoni mzuri unaweza kuokolewa. Ikishabanduka, kila siku inayopita inapunguza kinachoweza kurudishwa.

Sasa tuseme umepimwa na umeambiwa retina ni nzima. Hapo ndipo wengi huanza kuhangaika upya, kwa kuwa walitarajia dawa. Hakuna tone, kidonge wala chakula kilichothibitishwa kuyeyusha vivuli, yakiwemo mananasi yanayosifiwa mitandaoni. Maji ya mwarobaini, asali, limao na maziwa ya mama havifiki kwenye ute wa jicho; vinaishia kwenye kioo cha mbele, ambako huweza kuleta kidonda na kovu jeupe. Matone yenye steroidi ambayo watu hununua kwa kumwelekeza muuzaji "yale ya kijani ya mwaka jana" ni hatari zaidi kwa sababu hutuliza wekundu huku yakipandisha presha ya jicho na kuharakisha mtoto wa jicho. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 inadhibiti uuzaji wa dawa za cheti, Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, inayosimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), inakataza kuuza dawa isiyosajiliwa, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 inamtaka mganga awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Anayekiuka anaweza kufungiwa huduma, kutozwa faini, kufungwa, au adhabu hizo kwa pamoja. Ukipata madhara kwa dawa uliyouziwa, tunza chupa yake na risiti na utoe taarifa. Bila chupa hatuna cha kuanzia.

Kuishi na vivuli visivyo na madhara kunawezekana, na hatusemi hivyo kwa kupuuza kero yake, kwani tunawajua mafundi cherehani, walimu na wahasibu wanaokerwa kweli kweli. Ubongo hujifunza kuvipuuza, kwa kawaida ndani ya miezi michache, mradi mtu asivitafute kila asubuhi. Kivuli kikikaa katikati ya maandishi, peleka macho juu na chini mara mbili tatu ili ute utikisike na kivuli kisogee pembeni. Punguza mwanga wa simu na kompyuta, tumia herufi nyeupe juu ya uso mweusi pale programu inaporuhusu, na vaa miwani ya jua au kofia yenye ukingo unapokuwa nje mchana. Usisugue macho.

Upasuaji wa kuondoa ute wote, ambao ulianzishwa na Robert Machemer huko Miami mwanzoni mwa miaka ya 1970, unaweza kuviondoa vivuli, lakini huharakisha mtoto wa jicho na unaweza kuleta maambukizi au kubandua retina ile ile iliyokuwa nzima. Kwa sababu hiyo hatuupendekezi ila kwa wachache sana ambao vivuli vimewazuia kufanya kazi. Leza ya kuvunja vivuli nayo ipo katika baadhi ya nchi, na ushahidi wake bado ni hafifu.

Baada ya kipimo cha kwanza, rudi tarehe utakayopangiwa, kwa kawaida ndani ya wiki nne hadi sita, kwa sababu kwa watu wachache mchaniko hutokea baadaye. Mimweko ikirudi kabla ya tarehe hiyo, usingoje tarehe. Fahamu pia kwamba ute wa jicho la pili nao hujibandua, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili, na dalili zikianza upande huo unahesabiwa upya kuwa mgonjwa wa dharura: njoo na kadi yako ya zamani, na mweleze mhudumu wa mapokezi ni jicho lipi lilipimwa mara ya kwanza na ni lipi limeanza sasa.