Fyuzi Inaungua Kila Ukiweka: Dhana Potofu Kuhusu Shoti ya Gari

"Fyuzi ya ampea 10 ikiungua weka ya 20, itavumilia."
Fyuzi itavumilia, waya hautavumilia. Fyuzi imewekwa kulinda waya, si redio wala taa. Ukiweka ya 20, au ukaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kinachoyeyuka sasa ni ganda la waya nyuma ya dashibodi, pamoja na nyaya za jirani. Fyuzi za kuchomeka zina rangi zinazojulikana: kahawia 7.5, nyekundu 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Kifuniko cha boksi la fyuzi kikiwa na maandishi ya Kijapani, namba za ampea zinasomeka bila mkalimani. Amini kifuniko, usiamini fyuzi uliyoikuta. Huenda aliyekutangulia keshabadilisha.

"Imeungua, kwa hiyo kuna shoti."
Si lazima iwe shoti, yaani waya wenye umeme kugusa bodi ya gari, na hapa ndipo hela nyingi zinapopotea. Angalia imeungua *lini*. Fyuzi ya ampea 10 haikati pale umeme unapofika 10; ikipitisha 13.5 inaweza kukaa dakika kadhaa ndipo ikate. Kwa hiyo ikikata papo hapo unapowasha swichi, kuna waya umegusa bodi. Ikikata baada ya dakika tano za wipa, mzigo umezidi: mota imekaza. Taa nazo ni hivyo hivyo. Balbu mbili za wati 55 hula ampea 9 hivi. Ukaenda Gerezani, kwenye maduka ya spea Dar es Salaam, ukanunua za wati 100, zitakula karibu 17. Kama zote mbili zinategemea fyuzi moja ya 15, hapo hamna shoti ya kutafuta. Rudisha balbu za mwanzo.

Ikikata ukiruka tuta au ukifunga mlango wa nyuma, tafuta waya unaocheza. Kwenye gari za mlango wa kunyanyua, kama Noah na IST, nyaya za taa ya namba hupita ndani ya mpira karibu na bawaba, zikikunjwa kila siku mpaka ganda linapasuka. Vuta mpira, zinyooshe nyaya moja moja. Shaba iliyo wazi utaiona inang'aa, au imeshika weusi pale ilipopiga cheche.

"Endelea kuweka fyuzi mpya mpaka uipate shoti."
Utamaliza pakiti nzima. Chukua soketi ya balbu ya indiketa, wati 21, unganisha nyaya zake mbili na miguu miwili ya fyuzi iliyokufa, kisha uichomeke kwenye nafasi ya fyuzi. Kabla ya hapo chomoa kila kifaa kinachotumia fyuzi hiyo: balbu, redio, mota. Washa swichi. Balbu yako ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo, na umeme unaopita hauzidi ampea 2, kwa hiyo waya haupati madhara wakati unatafuta. Tikisa nyaya kipande kwa kipande, chomoa plagi za kuunganishia nyaya moja baada ya nyingine. Balbu ikizimika ghafla, simama hapo hapo: shoti ipo hapo.

Anzia mahali mikono ya watu imepita: alamu, redio mpya, kamera ya nyuma, skrubu ndefu ya bampa. Balbu hiyo hupata moto mkali, usiilaze kwenye kiti. Plagi za njano za eabegi (mfuko wa hewa) usizipime kwa balbu wala testa, ile taa ndogo ya kupimia umeme.

"Mita ya kupimia umeme imelia, basi ni shoti."
Uzi wa balbu ukiwa baridi una ukinzani mdogo mno. Balbu ya wati 21 ikiwa imezimwa huonyesha omu 1 au pungufu; ikiwaka hufika kama 7. Mita haijui tofauti ya balbu nzima na waya uliogusa bodi, italia tu. Toa hasi ya betri, chomoa balbu zote za njia hiyo, *ndipo* upime. Wapo walioshusha dashibodi kwa sababu ya balbu ya breki isiyo na kosa.

"Nimeiangalia fyuzi, ni nzima."
Ufa mwembamba hauonekani kwa macho. Washa swichi, gusa kwa testa vidoa viwili vya chuma juu ya fyuzi. Testa ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekata.

"Nilipita maji ya mafuriko Jangwani, Dar es Salaam, taa zimekufa, ni shoti."
Kwa volti 12, maji ya mvua hupitisha umeme mdogo, mara nyingi hautoshi kukata fyuzi. Ubaya wake huja wiki kadhaa baadaye: ukungu wa kijani kwenye plagi, taa inafifia, kisha inazimika huku fyuzi ikiwa nzima. Hiyo ni njia iliyokatika. Fungua plagi, sugua pini, kausha, na kagua kwanza waya wa hasi ulipofungwa kwenye bodi.