Kloridi ya salfa: jina moja, vimiminika viwili

Chupa ikiandikwa "kloridi ya salfa" bila neno jingine, bado hujaambiwa kilichomo. Salfa na klorini huungana kwa namna zaidi ya moja. Hata namba ya usafirishaji ya Umoja wa Mataifa, UN 1828, inazijumuisha kloridi za salfa pamoja. Kwa hiyo anayezishika hana budi kuzijua tabia zake.

Ya kwanza ni disalfa dikloridi, S₂Cl₂, inayopatikana kwa kupitisha gesi ya klorini juu ya salfa iliyoyeyushwa. Ni kimiminika cha rangi ya kaharabu, chenye harufu kali ya kukaba koo. Lita moja ina uzito wa karibu kilo 1.69. Huchemka kwenye nyuzi joto 138 hivi za Selsiasi na kuganda kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Katika molekuli yake, atomi mbili za salfa zimeshikana katikati, na kila moja ina klorini yake pembeni. Molekuli hiyo haikulala bapa: imejikunja kama kitabu kilichofunguliwa nusu, kila ukurasa ukiwa na klorini moja.

Ukizidi kuongeza klorini, rangi huelekea wekundu wa damu. Hapo unapata salfa dikloridi, SCl₂: salfa moja katikati ya klorini mbili, kwa pembe ya nyuzi 103 hivi. Hii huchemka kwenye nyuzi 59 tu, na haitulii. Hata ikiwekwa bila kuguswa, polepole huachia klorini na kurudi kuwa S₂Cl₂. Ndiyo maana chupa iliyokaa muda mrefu huwa na mchanganyiko, na gesi ya klorini inaweza kujikusanya chini ya kifuniko. Wanaoikeneka huongeza fosforasi trikloridi kidogo ili kuchelewesha kuvunjika huko. Ipo pia SCl₄, lakini hiyo ni yabisi ya kwenye baridi kali. Joto likipanda kupita nyuzi 30 hivi chini ya sifuri, husambaratika.

Kinachonitia hofu zaidi ni maji. S₂Cl₂ hufuka moshi hata kwa unyevu wa hewani. Ikikutana na maji hutoa haidrojeni kloridi na salfa dioksidi, na salfa yenyewe hubaki kama tope la manjano. Nimepiga hesabu: lita moja ya S₂Cl₂ ikimenyuka yote, na haidrojeni kloridi yote ikatoka kama gesi, katika joto la kawaida la chumbani tutapata takriban lita 600 za gesi hiyo. Chombo kilichofungwa na kuingiwa na maji kinaweza kupasuka. Mvuke wa S₂Cl₂ nao ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara nne, hivyo hutambaa chini na kujaa kwenye mashimo na vyumba vya chini.

Kazi zake za halali zipo. Mwaka 1846 Alexander Parkes, Mwingereza, aliitumia kuimarisha mpira bila kuupika, kwa kuwa salfa yake hufunga minyororo ya mpira pamoja. Lakini kloridi hizi mbili pia ni malighafi ya gesi ya haradali, silaha ya vita. Kwa sababu hiyo zote zimo katika orodha ya tatu ya Mkataba wa Silaha za Kemikali, ulioanza kutumika mwaka 1997.

Ikimwagika, usikimbilie ndoo ya maji kuimwagia. Ondoka kuelekea upepo unakotoka, panda mahali palipoinuka, kisha waite wazima moto. Ikikurukia mwilini, hapo maji ni ya lazima, tena mengi: vua nguo zilizolowa mara moja, osha ngozi au macho kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, na umwone daktari hata kama maumivu yametulia.