Desturi za Kiti: Maana Yake, na Uzito wa Kuzishika au Kuzivunja

Tarehe 20 Januari 2009, mbele ya umati mkubwa uliokusanyika Washington, Jaji Mkuu John Roberts alimwapisha Barack Obama, na katika kumtamkisha kiapo akalihamisha neno moja, lile lenye maana ya "kwa uaminifu", kutoka mahali pake. Kiapo hicho kina maneno 35, na yote yameandikwa ndani ya Katiba ya Marekani. Kesho yake jioni wawili hao walikutana tena katika chumba kimoja cha Ikulu, wakakirudia kiapo polepole, neno kwa neno, mbele ya watu wachache, na safari hii hapakuwa na Biblia. Maneno yalirudiwa kwa sababu yanatokana na Katiba. Biblia iliachwa kwa sababu kuishika ni desturi tu, na kukosekana kwake hakukukitia kiapo dosari yoyote.

Kisa hicho kidogo kinaonyesha vizuri dhana ya desturi za kiti. Hayo ni mambo ambayo mshika madaraka ya juu ya nchi anatarajiwa kuyatenda, mbele ya watu na kwa namna inayojulikana, kwa sababu waliomtangulia waliyatenda, ingawa aghalabu hakuna sheria inayomlazimisha. Kukagua gwaride siku ya kuapishwa, kumpokea mgeni wa taifa kwa mizinga 21, kumkabidhi mrithi fimbo, upanga au utepe wa madaraka, kuhudhuria sherehe ya kuapishwa kwa aliyekushinda: yote hayo yamo. Watu huyachanganya na itifaki, lakini itifaki ni utaratibu wa nani atangulie, nani akae wapi na wimbo wa taifa upigwe wakati gani, na ina maafisa wake wanaolipwa kuusimamia. Desturi ya kiti haina msimamizi wa namna hiyo. Inaishi katika kumbukumbu za watu na katika utayari wa anayekalia kiti kukubali kwamba kiti kilikuwapo kabla yake na kitakuwapo baada yake.

Wengi huziona sherehe hizi kuwa ni mapambo, na zipo ambazo ni mapambo kweli. Hata hivyo nyingine zimebeba historia nzito. Mwaka 1642 Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza aliingia na askari katika ukumbi wa wabunge waliochaguliwa ili awakamate watano kati yao, akakuta wamekwishaondoka. Tangu hapo hakuna mfalme wala malkia anayeingia katika ukumbi huo wakati wa kikao. Kila Bunge linapofunguliwa rasmi, mfalme huketi katika ukumbi mwingine na kumtuma mjumbe wake kwenda kuwaita wabunge. Mjumbe anapokaribia, mlango hufungwa kwa kishindo mbele ya uso wake, naye hulazimika kuugonga mara tatu kwa fimbo yake nyeusi kabla ya kufunguliwa. Mfalme anayekubali jambo hilo lifanyike kila mara anakubali, mbele ya taifa zima, kwamba madaraka yake yana mpaka, na sidhani kama kuna hotuba inayoweza kulisema hilo kwa ufasaha kuliko mlango ule uliofungwa.

Je, kuvunja desturi ni kosa wakati wote? Hapana. Rais George Washington na mrithi wake John Adams walikuwa wakienda wenyewe kulihutubia Bunge kila mwaka. Thomas Jefferson alipoingia madarakani mwaka 1801 aliona jambo hilo linafanana mno na hotuba ya mfalme kwa raia zake, akaamua kupeleka ujumbe wake kwa maandishi. Waliomfuata wakafanya kama yeye kwa zaidi ya miaka mia moja, hata kuandika kukawa ndiyo desturi, mpaka Woodrow Wilson alipoivunja mwaka 1913 na kwenda bungeni mwenyewe. Leo hotuba hiyo ni miongoni mwa sherehe kubwa za Marekani. Marais wote wawili walivunja desturi iliyokuwapo, na kila mmoja alikuwa na hoja iliyohusu kiti chenyewe na uhusiano wake na Bunge. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini: tuulize kama uvunjaji unakihudumia kiti, au unamhudumia aliyekikalia kwa wakati huo.

Zipo pia desturi ambazo zikishavunjwa, nchi huamua kwamba haiwezi tena kuziacha mikononi mwa hiari ya mtu. Washington alistaafu baada ya mihula miwili, na kwa zaidi ya miaka 140 hakuna rais aliyemzidi, ingawa Katiba haikuwa imeweka kikomo chochote. Franklin Roosevelt aligombea na kushinda kwa mara ya tatu mwaka 1940, kisha ya nne mwaka 1944. Mwaka 1951 kikomo cha kuchaguliwa mara mbili kikaingizwa katika Katiba kwa Marekebisho ya 22. Kilichokuwa heshima kikawa sheria.

Mavazi na makazi ya viongozi hayanishughulishi sana. José Mujica aliiongoza Uruguay kuanzia mwaka 2010 hadi 2015 bila kuvaa tai, akiendelea kuishi katika shamba lake badala ya makao rasmi, na urais wa Uruguay haukupungua chochote. John Magufuli wa Tanzania, wiki chache tu baada ya kuapishwa, alifuta gwaride na shamrashamra za Sikukuu ya Uhuru ya tarehe 9 Desemba 2015, akawataka wananchi waitumie siku hiyo kufanya usafi wakati nchi ilikuwa ikipambana na kipindupindu. Wapo waliomsifu na wapo waliosikitika, na pande zote mbili zilikuwa na la kusema, maana siku ya uhuru ni ya taifa zima. Lakini sababu ilitolewa hadharani, na mtu yeyote angeweza kuipima.

Desturi ninayoiona nzito kuliko zote ni ile ya makabidhiano. Sheria inaweza kusema muhula unakwisha saa ngapi, lakini haiwezi kumlazimisha anayeondoka asimame mbele ya mrithi wake na kuushuhudia mwisho wake mwenyewe. Anapofanya hivyo, wafuasi wake wanaona kwa macho yao kwamba mambo yamekwisha na kwamba mshindi ni mshindi. Asipofanya, madaraka yanahama vilevile, lakini kwa baadhi ya wananchi shaka inabaki. John Adams aliondoka Washington mwaka 1801 bila kumsubiri Jefferson aapishwe; John Quincy Adams alifanya hivyo mwaka 1829, Andrew Johnson mwaka 1869, na Donald Trump mwaka 2021, wiki mbili baada ya wafuasi wake kuvamia jengo la Bunge.

Nchini Argentina, rais aliyekuwa akiondoka, Cristina Fernández de Kirchner, na mrithi wake Mauricio Macri walishindwa mwaka 2015 kuelewana juu ya mahali pa kukabidhiana utepe na fimbo ya urais. Mmoja alitaka bungeni, mwingine alitaka Ikulu. Mahakama ikaamua kwamba muhula wa rais aliyekuwapo unakwisha usiku wa manane, na kwa muda wa saa 12 hivi nchi ikawa chini ya kiongozi wa Seneti, Federico Pinedo, ambaye ndiye hatimaye aliyemkabidhi Macri vitu hivyo. Kirchner hakuhudhuria.

Brazili imeyapitia haya mara mbili. Mwaka 1985 Jenerali João Figueiredo, rais wa mwisho wa utawala wa kijeshi, alikataa kumvisha José Sarney utepe wa kijani na manjano, akaondoka Ikulu kwa mlango wa nyuma. Tarehe 1 Januari 2023 rais aliyeshindwa, Jair Bolsonaro, alikuwa amekwishasafiri kwenda Florida, na mrithi wake Luiz Inácio Lula da Silva akabaki bila mtu wa kumvisha. Akapanda ngazi za ikulu ya Brasília akiwa na kundi la watu wa kawaida, miongoni mwao mtoto wa kiume, mpishi, fundi wa chuma na Raoni, kiongozi mzee wa wenyeji wa Amazoni. Utepe ulipita mkono kwa mkono mpaka ukamfikia mwanamke anayejipatia riziki kwa kuokota taka za kurejelezwa, naye ndiye aliyemvisha rais. Pengo lililoachwa na mtu mmoja lilizibwa na wenye mali wenyewe, yaani wananchi, na naikumbuka picha hiyo kila ninaposikia mtu akisema kwamba utepe ni kitambaa tu.

Na ipo siku ya tarehe 30 Desemba 2002, katika Bustani ya Uhuru jijini Nairobi. Daniel arap Moi, baada ya miaka 24 madarakani, alikuja kumkabidhi Mwai Kibaki nchi huku mteule wa chama chake akiwa ameshindwa. Umati ulimzomea, na msafara wake ulirushiwa matope. Kibaki, akiwa kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu ya majeraha ya ajali, alitoa hotuba iliyoulaumu waziwazi utawala uliopita, wakati aliyeuongoza ameketi papo hapo. Mengi yanaweza kusemwa dhidi ya miaka ile 24, na yamesemwa. Lakini siku hiyo Moi alikuja, akaketi, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaondoka akiwa raia.